Faranga Mia Moja Juu ya Mstari

Nilimdanganya Mama Gloriose kwa miaka kumi na moja, kila Jumanne na kila Ijumaa, na kila mara alinishukuru. Naanza na hilo ili usije ukanidhania mtu mwema. Mimi nauza ndagala kavu, dagaa wa ziwani, katika soko letu hapa Uvira, meza ya tatu ukiingia kwa upande wa ziwa. Jina langu la ubatizo ni Agnès, lakini sokoni mimi ni Mama Clovis, na anayeniita Agnès huwa ni padri au mtu wa kodi. Habari hii hata hivyo si yangu. Ni ya Gloriose Nkeshimana, mzaliwa wa Luberizi, mjane, Mkatoliki wa misa ya kwanza, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza bei bila kununua kitu.

Kazi hiyo ipo, usicheke. Kuna ofisi moja mjini, sisi tuliiita Biro ya Bei. Ofisi hiyo ilimlipa Mama Gloriose apite sokoni mara mbili kwa juma, aandike bei ya vitu kumi na viwili ambavyo wakubwa waliamua kwamba mtu wa Uvira akivipata hana tena sababu ya kulalamika: unga wa muhogo, maharage, mchele wa bondeni, ndagala, mawese, chumvi, sabuni, makala ya kupikia, na vingine vya namna hiyo. Nyama haikuwemo. Dawa ya malaria haikuwemo, maana walioandika orodha hiyo bila shaka hawakuwahi kulala na mbu wa mtaa wa Kavimvira. Mchango wa msiba nao haukuwemo, ingawa hapa kwetu unaweza kulala bila kula na jirani asijue, lakini ukikosa kutoa mchango wa msiba utajulikana mpaka Luvungi. Vitu hivyo kumi na viwili vilijumlishwa, vikagawanywa kwa siku na kwa kichwa cha mtu, na jibu lake likaitwa mstari wa umaskini. Aliye chini ya mstari ni maskini. Aliye juu yake, ofisi inamtakia siku njema.

Alikuwa anakuja na daftari nene lililofunikwa kwa plastiki, kalamu imefungwa kwa uzi ili asiipoteze. Alipewa pesa ya taksi-moto, pikipiki ya kukodi, kutoka Kavimvira, ila alikuja kwa miguu, na pesa ile ikawa sabuni. Alisalimia meza moja baada ya nyingine, akauliza habari za watoto, za mgongo, za mume kama yupo, ndipo akafungua daftari.

"Mama Clovis, ndagala leo iko ngapi?"

"Elfu ine kwa kopo, mama yangu."

"Haijapanda?"

"Itapanda kwenda wapi?"

Aliandika, akasema aksanti, akaenda meza ya pili kudanganywa tena.

Sasa nieleze kwa nini. Kabla yake alikuja bwana mmoja mwenye kalamu, mtu mpole sana, akatuuliza bei zetu. Tukamwambia ukweli, tena kwa majivuno kidogo. Juma lililofuata kodi ya meza ikapanda. Huenda mambo hayo mawili hayakuhusiana hata kidogo, lakini sisi hatukusubiri uchunguzi. Mama Fanny, ambaye ndiye mkubwa wa safu yetu na hana haja ya kuchaguliwa, alitoa amri siku hiyohiyo: mtu yeyote anayeandika asiambiwe bei ya kweli. Ndipo ikazaliwa bei ya karatasi. Bei ya karatasi ilikuwa ya chini, ya upole, inapanda kidogo kidogo kwa adabu, ili yule mwenye kalamu aone kwamba sisi ni wanyonge na hakuna cha kutunyang'anya. Bei ya kweli tulimwambia mnunuzi peke yake, akiwa ameshika pesa mkononi.

Tulimpenda Mama Gloriose, tulijua si mtu wa kodi. Lakini kalamu yake iliandika sawasawa na kalamu za wengine, na hatukujua daftari linalala kwa nani.

Ziwa lilipofungwa miezi mitatu ili samaki wazae, mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Ndagala ilipotea juu ya meza na kupatikana chini ya meza, kwa bei ya kukuondolea usingizi. Mama Gloriose alisimama mbele ya meza tupu, harufu ya ndagala inampiga puani, akauliza kama ipo. Nikamwambia haipo. Ofisi ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kisipokuwepo, bei ya mwisho irudiwe. Akarudia bei ya mwisho. Kwa hiyo katika miezi ile ambayo watu walisahau ndagala ina kichwa upande gani, kwenye karatasi za serikali na za wazungu ndagala ilikuwa rahisi na tele.

Utauliza: yeye mwenyewe hakuwa anakula? Alikuwa anakula, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Ofisi ilimkataza kununua chochote katika soko analolipima, ili asije akazoeana na wauzaji na kuharibu hesabu. Alinunua kwao Kavimvira, kwa bei ya kweli, kama watu wote. Na kwa sababu alijua bei za mjini kwa moyo, tena zimepigwa muhuri, aliamini kwamba wanawake wa Kavimvira ni wezi. Alishauliza ofisini kwa nini kwao vitu ni ghali hivyo. Mkuu wake, bwana Evariste, alimjibu kwamba Kavimvira ni mpakani, na bei za mpakani si bei za nchi. Akaridhika. Miaka kumi na moja aligombana na kila muuzaji wa mtaa wake, akiwatetea wauzaji wa mjini, ambao ni sisi.

Halafu macho yakaanza kumsumbua. Mwanzoni alilisogeza daftari karibu kidogo, baadaye likafika puani. Kwenye jicho la kulia palionekana kitu cheupe kama tone la uji, na la kushoto likaanza kulifuata. Mtoto wa jicho, wakamwambia kwenye kituo cha afya, huondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi tu. Dola mia mbili na hamsini kwa jicho moja. Mama Gloriose alikuwa anaishi na mama yake mzazi, bibi Hatungimana, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Binti zake wawili waliolewa ng'ambo, Bujumbura, na huko nao walikuwa na hesabu zao. Asingeona, kazi ingeisha, na kazi ikiisha wale wawili wangekula mawe.

Ndipo likaja tangazo kanisani: kundi la madaktari wa macho litafika Uvira, na maskini watapasuliwa bure. Maskini wa kweli, tangazo lilisisitiza, waliopimwa. Wapimaji wakatawanyika mitaani na kompyuta zao ndogo za kubonyeza kwa kidole. Nyumbani kwa Mama Gloriose alifika mmoja wao, papa Félicien, mtu mstaarabu, akauliza watu wangapi wanalala humo na kinaingia kiasi gani kwa mwezi. Yeye hakujua kusema uongo, hilo alikuwa ametuachia sisi. Watu wawili, alisema, na mshahara wangu faranga laki tatu. Félicien akabonyeza. Kwa kila kichwa, kwa kila siku, faranga elfu tano. Mstari wa umaskini ulikuwa faranga elfu nne na mia tisa.

"Pole, mama," Félicien alisema. "Weye si maskini. Umepita mustari na faranga mia moja."

Faranga mia moja. Hapa Uvira kwa faranga mia moja utapewa pipi moja, tena kama muuzaji ameamka vizuri.

Alikuja kunisimulia Jumanne iliyofuata, amesimama mbele ya ndagala zangu, anacheka kabisa. Alikuwa na namna yake ya kucheka bila sauti, mabega tu yanatikisika.

"Na unajua mustari ile inatoka wapi, Mama Clovis?" aliniambia. "Chefu wangu wa biro alinielezeaka. Inatoka mu daftari yangu. Miye mwenyewe njo niliichora!"

Alisema hivyo kwa fahari. Nilitaka kumwambia palepale, lakini Mama Fanny alikuwa meza ya pili ametega sikio, na wanunuzi wawili walikuwa wanasubiri. Akaniuliza ndagala iko ngapi. Nikamjibu elfu nne. Ulimi ulikuwa umezoea.

Siku tano sikulala vizuri, na mimi ni mtu wa kulala. Jumapili baada ya misa nikapanda taksi-moto mpaka Kavimvira, kule ambako ziwa liliingia uani kwa watu na alama ya maji bado iko ukutani, usawa wa goti. Nilimkuta mlangoni anagombana na mama mmoja aliyebeba beseni la ndagala kichwani.

"Elfu saba na mia tano? Unaniiba juu ya macho yangu?" alikuwa anapiga kelele. "Mu soko ya mjini iko elfu ine! Miye njo naiandikaka!"

"Basi uende ukule hiyo karatasi yako!" yule mama alimjibu, akageuka na beseni lake.

Elfu saba na mia tano ndiyo bei niliyokuwa nauza mimi jana yake.

Tuliingia ndani. Bibi Hatungimana alitusalimia kwa sauti kutoka chumba cha nyuma, kwa Kirundi cha bondeni, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina yao. Mama Gloriose alinipa kiti, akabaki amesimama. Nikamwambia yote: bwana mwenye kalamu, kodi ya meza, amri ya Mama Fanny, bei ya karatasi, ndagala za chini ya meza. Sikujipunguzia chochote. Yeye alisikiliza, uso umeelekea mahali nilipo, ingawa nadhani aliona kivuli tu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na unga?"

"Na unga. Na mawese. Na makala. Vyote."

Alianza kutikisa mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Kisha kicheko kikakatika, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Mana yanje, Mungu wangu! Bamama ba hapa, miaka yote nabaitaka bezi. Yule mama wa leo, nilimuitaka mwizi mbele ya watoto wake. Na mushahara yangu, Mama Clovis. Chefu alisema: bei ikipanda mu daftari, mushahara itapanda. Kila mwaka namuuliza. Kila mwaka ananionyesha daftari: angalia mama, bei haikupanda sana, uliandika weye mwenyewe."

Hilo sikulijua. Nakuambia kwa kweli sikulijua, na lingekuwa bora nisilijue mpaka leo. Nilianza kulia, na yeye akakasirika kweli, akaniambia ninyamaze, machozi yangu hayapunguzi bei ya kitu.

Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akaanza kupanga. Madaktari watafika baada ya majuma matatu. Mstari unahesabiwa upya mwisho wa kila mwezi. Tukimwambia bei za kweli, juma hili tu, mstari utapanda, yeye atabaki pale alipo, na ndipo atakuwa chini yake kwa haki, bila kumdanganya mtu. Hakutaka aandikiwe uongo hata mmoja. "Bei ya kweli tu," alisema mara tatu. "Basi."

Nilirudi sokoni na kazi hiyo. Sijawahi kufanya biashara ngumu kuliko ile. Mama Fanny alinitazama kama nimemwambia tuvue nguo hadharani. Nikamweleza habari za macho, za faranga mia moja, za mshahara. Alisikiliza akiwa anapepeta ndagala zake, na nilipofika kwenye mshahara akaacha kupepeta.

"Huyu ni muntu wetu," akasema mwishoni. "Tutamusaidia."

Laiti ningesikiliza vizuri. Nilisema tumwambie ukweli, yeye akasikia tumsaidie, na katika soko letu mambo hayo mawili hayakai meza moja.

Jumanne Mama Gloriose akaja, daftari puani. Mimi nilimwambia elfu saba na mia tano, na neno lile lilinitoka kooni kama jino. Akaandika, akaniminya mkono. Akaenda kwa Mama Fanny, ambaye siku hiyo alikuwa ameongeza unga wa muhogo kwenye meza yake.

"Unga iko elfu sita kwa kopo, mama," Mama Fanny akasema, uso mkavu.

Bei ya kweli ilikuwa elfu mbili. Niliona kalamu imesita juu ya karatasi.

"Elfu sita?"

"Njo bei. Andika."

Ofisi ilimfundisha asibishane na muuzaji, aandike anachoambiwa. Labda alifuata sheria hiyo. Labda baada ya miaka kumi na moja alikuwa haamini tena hata bei anayolipa yeye mwenyewe. Au labda, na mimi simlaumu, alihitaji jicho. Aliandika. Meza iliyofuata mawese yalikuwa mara tatu. Makala, mara nne. Muuza chumvi, mwanamke aliyeokoka ambaye hasemi hata neno la mzaha, alitaja bei ambayo kwa hiyo ungenunua mbuzi mdogo wa Luvungi. Kila mmoja alimpa zawadi kadiri ya moyo wake, wengine wakamfuata kumwongezea. Walikuwa wanafurahi, maskini, wanakonyezana. Miaka yote walimdanganya kushuka kwa woga. Siku ile walimdanganya kupanda kwa upendo, na mimi peke yangu, katika soko zima, nilisema kweli kama mjinga.

Ijumaa asubuhi akaitwa ofisini. Nilimshika mkono nikampeleka, kwa sababu barabara hakuiona tena vizuri na taksi-moto zetu hazimwonei mtu huruma. Bwana Evariste alitukaribisha kwa heshima, akamvutia kiti yeye mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na hakunipa nafasi.

"Mama Gloriose," alisema, "unga ya muhogo Ijumaa ya juzi iko elfu moja na mia mbili. Jumanne iko elfu sita. Mu siku ine! Hata wakati wa vita haikupandaka vile. Ordinateri, mashine hii, inakataa. Iko naonyesha nyekundu kila fasi."

"Njo bei banasema, chefu."

Sikuweza kunyamaza. "Chefu, mambo ya unga sijue. Lakini ile ya ndagala, elfu saba na mia tano, iko ya kweli. Miye njo nauzisha."

Alitazama kioo cha mashine yake, akashusha kidole. "Weye njo Mama Clovis? Meza ya tatu?"

Nilishtuka. Kumbe nilikuwa humo ndani miaka yote.

"Ijumaa ile ingine ulisema elfu ine."

"Nilidanganya."

"Na mwezi wa mbele ya ile?"

"Nilidanganya pia."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mulianza kuuliza."

Aliegemea kiti, akanitazama kwa namna ambayo muuguzi humtazama mtu mwenye homa. "Sasa muntu anakuja, anasema nimewadanganya miaka kumi na moja. Leo tumuamini juu ya nini?"

Swali zuri.

Kisha akamgeukia Mama Gloriose, na akawa mpole zaidi, ndiyo maana iliuma. Alimwambia kwamba yeye hamtilii shaka, kwamba amekuwa mfanyakazi mwaminifu kuliko wote, na kwamba tatizo liko wazi: macho. Sifuri moja imezidi hapa, nyingine pale. Si kosa lake. Ofisi itafuta namba za juma lile na kurudia za juma lililotangulia, ambazo ni safi. Na yeye apumzike mpaka apone. Mapumziko hayo hayana mshahara, lakini yana barua nzuri. Akaisaini mbele yetu, akatoa mfukoni mwake pesa ya taksi-moto ya kuturudisha.

Tulitembea kwa miguu. Tulipovuka daraja Mama Gloriose akanigeukia.

"Sasa mama yangu atakula nini?" akaniuliza.

Nilimwambia nitaleta ndagala.

Mstari ulitangazwa mwisho wa mwezi. Elfu nne na mia tisa, haukutikisika hata kidogo. Sokoni wanawake waliposikia yaliyotokea, Mama Fanny akatangaza mchango bila kumtazama mtu usoni. Muuza chumvi alitoa zaidi ya wote.

Siku mbili kabla madaktari hawajafika, papa Félicien alipita tena Kavimvira na kompyuta yake ndogo, kurekebisha majina. Mimi nilikuwepo, nimeleta mchango. Aliuliza yaleyale: watu wangapi, kinaingia kiasi gani. Wawili, Mama Gloriose alijibu, na hakuna kinachoingia. Félicien akabonyeza, akasubiri, uso ukamchangamka.

"Félicitations, hongera mama! Umeingia chini ya mustari."

Alifurahi kwa dhati, lazima niseme hivyo. Alimpa kadi yenye picha na muhuri, inayothibitisha kwamba Gloriose Nkeshimana ni maskini, na jirani mmoja aliyekuwa anachungulia dirishani akapiga kigelegele. Tulinunua chupa mbili za soda tukagawana watu sita. Wengine watatu wa mtaa ule, ambao bado walikuwa na vikazi vyao, walimwangalia kwa wivu wakauliza amefanyaje.

Alipasuliwa jicho la kulia, na la kushoto likaambiwa lisubiri msimu mwingine. Kesho yake asubuhi nilimfuata hospitalini. Muuguzi aliondoa bandeji, akamwonyesha vidole, na Mama Gloriose akavihesabu bila kukosea. Njiani alikuwa kama mtoto. Alisoma kwa sauti kila kibao, bei za simu, majina ya makanisa, maandishi ya nyuma ya malori ya Bukavu. Aliniambia nimezeeka. Nikamwambia ni kweli, na tukacheka sote wawili, mara ya kwanza tangu ile Jumapili, nikaanza kufikiri kwamba mambo yameisha vizuri.

Nyumbani kwake alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Bibi Hatungimana alikuwa mtu wa haya, kama wazee wengi wa bondeni. Alijiosha mwenyewe kwa beseni, akajifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na shali juu yake hata kwenye joto. Mama Gloriose alifungua dirisha ili mwanga uingie, akageuka kumtazama, na nikaona amesimama tu. Kisha akaifungua shali, polepole. Mabega yaliyokuwa chini yake yalikuwa mifupa na ngozi.

"Mama," alisema kwa Kirundi, na Kirundi mimi nakisikia vizuri, "umekonda hivi tangu lini?"

"Uzee, mwanangu."

Macho ya Mama Gloriose, lile jicho lake moja, lilikuwa limeanza kuzunguka chumba, likatua kwenye sufuria iliyofunikwa chini ya kitanda. Akaivuta, akaifunua. Ndani kulikuwa na bugali la jana, ugali wa muhogo, robo tatu ya lile alilopewa na jirani aliyebaki naye, limekatwa vizuri kwa mkono na kurudishwa.

"Kila siku unaniambia umeshiba."

Bibi alijaribu kuirudisha shali. "Wewe uliniambia bei hazijapanda," alisema. "Lakini nilisikia mwiko ukikwaruza chini ya sufuria mapema kuliko zamani. Nikasema, huyu anatembea juani kutwa, na mimi nalala tu. Nikaacha yule anayetembea ale."

"Tangu lini?"

"Pasaka ya mwaka jana. Au ile ya nyuma yake. Sikuhesabu."

Mimi nilikuwa mlangoni na pakiti yangu ya ndagala. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba tunaidanganya ofisi.

Mama Gloriose alinipokonya pakiti bila kunitazama, akatoa ndagala chache, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikata tonge dogo la bugali, akaliweka mdomoni mwa mama yake, akamtazama kwa karibu sana mpaka akameza. Akakata lingine. Bibi alisema inatosha, ameshiba. Mama Gloriose alibaki ameshika tonge mbele ya midomo ile, hasogei, na hatimaye bibi akafungua mdomo.